Kujaa kioo sio kukitumia

Juzi tena mteja kanishikisha tableti ya inchi 10 ananiambia "mbona programu iko sawa tu, si imejaa kioo chote?" Jamani. Hilo neno nimelisikia mara nyingi mno na leo naomba nilimalize, kujaa kioo sio kukitumia, na anayeumia ni yule anayekishika toka asubuhi mpaka jioni.

Angalia fomu yenyewe ya mapokezi ya wagonjwa. Sehemu ya kuandika namba ya simu, tarakimu 10 tu, imevutwa ukingo hadi ukingo, sentimita 20 na ushee. Namba inakaa kushoto kabisa, kitufe cha "Hifadhi" kiko chini kulia kabisa, katikati peupe. Dada wa mapokezi anaandika, anahamisha mkono, anakitafuta kitufe, anarudi, na kila mgonjwa ni hivo hivo. Afu orodha: jina upande huu, tarehe ya miadi upande ule, jicho likivuka kioo linateleza mstari mmoja chini anasoma tarehe ya mtu mwingine. Hapo hatuongelei urembo tena.

Na hili lilishajibiwa zamani. iPad ilipotoka 2010 Apple waliweka mpangilio wa safu mbili, orodha kushoto maelezo kulia, mwaka uliofuata Android 3.0 ikaleta fragmenti, yaani vipande vya skrini unavyoweza kuvipanga pamoja au kimoja kimoja, kwa kazi hiyo hiyo. Unagusa jina, maelezo yanafunguka pembeni, orodha haiondoki. Maandishi marefu usiyaache yatambae kioo kizima, herufi 45 hadi 75 kwa mstari zinatosha, pembeni pabaki wazi na sio kosa. Vitufe visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa nukta za kioo), hilo mnalijua.

Kinachonikera kabisa ni sisi wenyewe tunaoandika programu. Mtu anauliza "hii ni simu au tableti?" mara moja tu programu inapofunguka, anatunza jibu, kamaliza. Swali lenyewe ndo bovu! Programu inaishi ndani ya dirisha, na dirisha linabadilika muda wowote. Chukua tableti ya inchi 8 yenye upana wa dp 960 ikilazwa, mtu akagawa kioo nusu kwa nusu aweke WhatsApp pembeni, programu yako inabaki na dp 480 hivi, hiyo ni simu tayari, na wewe bado unalazimisha safu mbili, majina yanakatikia njiani. Pima upana wa dirisha, na upime upya kila linapobadilika: chini ya dp 600 safu moja, 840 kwenda juu safu mbili bila wasiwasi. Na mtu akigeuza tableti, alichokwisha andika kisipotee, maana Android kwa kawaida inaibomoa skrini yako na kuijenga upya. Kuifunga programu isimame wima tu sio dawa, Android 16 inalipuuza hilo zuio kwenye vioo vikubwa programu yako ikishatangaza kuwa imetengenezwa kwa toleo hilo.

Kati ya 600 na 840 ndo panaponisumbua mpaka leo. Nimeweka safu mbili tableti ikiwa imesimama, nikarudisha moja, nikaweka tena mbili. Miongozo ya usanifu inachora mifano kwa Kiingereza, neno lao "Save" la herufi 4 kwetu ni "Hifadhi", herufi 7, na majina ya watu wetu matatu matatu, kwa hiyo safu ya orodha inayowatosha wao kwetu inabana mapema. Nadhani mpaka wetu unatakiwa uwe juu zaidi ila namba kamili sijaipata.

Kwa yule dada nimeanza na madogo: fomu nimeipunguza upana, kitufe kiko chini ya sehemu ya mwisho ya kuandika, tarehe ya miadi iko chini ya jina lake. Safu mbili tutazijaribu naye wiki hii, tableti ikiwa imesimama pale pale anapoiegesha kwenye kikombe cha kalamu.