Acheni kuzima projekta hafu taimu

Jamani leo tuelewane, manake nimeletewa tena projekta imekufa taa na mwenyewe anajisifu kabisa, "fundi mi naitunza, kila hafu taimu nazima kuokoa masaa." Umeokoa robo saa, taa umeiua.

Hiyo taa haina waya ndani kama balbu ya chumbani. Ni umeme unaruka kati ya ncha mbili za tungsteni, ndani ya kijichupa cha kwatzi chenye mvuke wa zebaki, na presha ikishapata moto inafika karibu mara 200 ya hewa tunayovuta. Kuiwasha tu inapigwa maelfu ya volti, na kila ikipigwa zile ncha zinamegeka kidogo, zinazidi kuachana, vumbi lake linaganda kwenye kioo, ndo ule weusi. Kwa hiyo kinachoizeesha sio masaa peke yake, ni hizo washa zima zako. Mapumziko dakika 15 iache iwake, au usiwashe kabisa mpaka mechi ianze.

Kuchomoa waya feni haijamaliza kupoza ni kubaya zaidi, na LUKU ikiisha dakika ya 80 ni hivyohivyo, tafuta UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Filta safisha, hilo hata sielezi.

Sasa eko, ile ya kwenye menyu inayopunguza mwanga na umeme wa taa. Kitabu kinasema weka eko taa idumu, na kwa taa mpya sibishi. Ila taa ikishazeeka, ukiiweka eko unakuta mwanga unaanza kuchezacheza, kwa sababu ncha zimepoa na ule moto unahamahama hautulii sehemu moja. Hapo mi huirudisha mwanga kamili saa moja mbili hivi, mara nyingi inatulia, mara nyingine wala, siahidi mtu.

Na yale masaa 4000 ya kwenye boksi sio siku ya kufa, kwa kawaida ni pale mwanga unapobaki nusu. Kuyafuta kwenye menyu yasome sifuri kunanyamazisha onyo tu, taa ni ileile kikongwe. Ukiona giza, picha inarukaruka na inagoma kuwaka mara ya kwanza, nunua nyingine, manake ikipasuka inalia kama baruti na zebaki inatoka. Ikitokea zima, fungua madirisha, watoto watoke nje, vipande mje kuviokota baadaye na glavu, vakyumu msiiguse.