Riba asilimia 18, lakini inapigwa juu ya nini?

Mtumishi akifika kwenye dawati langu la mikopo, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: riba yenu asilimia ngapi? Akishajibiwa anailinganisha na aliyotajiwa kwingine, kisha anaifuata namba iliyo ndogo. Wengi wanaumia hapo, kwa sababu asilimia peke yake haisemi lolote mpaka ujue inapigwa kwenye hela ipi: ile uliyokopa mwanzo, au ile unayodaiwa bado.

Tuchukue mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, yaani 18 kwa mwaka.

Kwa riba ya flati, yaani inayopigwa kwenye hela uliyokopa mwanzo, asilimia 1.5 ya milioni sita ni 90,000, na utalipa 90,000 hiyo kila mwezi hadi mwezi wa mwisho, hata pale deni linapokuwa limebaki laki tatu. Kwa miezi 24 riba inafika 2,160,000, na rejesho la kila mwezi ni 340,000.

Riba ikipigwa kwenye salio, yaani deni lililobaki, mwezi wa kwanza unalipa 90,000 vilevile. Ila rejesho lako ni kama 299,545, kwa hiyo 209,545 inakwenda kupunguza deni. Mwezi wa pili riba inahesabiwa kwenye 5,790,455 na inashuka hadi 86,857. Inaendelea kushuka hivyo hivyo mpaka mwisho, na jumla ya riba yote inakuwa kama 1,189,000. Tofauti ya mikopo hii miwili inakaribia laki tisa na sabini, ingawa kwenye bango yote imeandikwa asilimia 18. Ile ya flati, ukiigeuza ipigwe kwenye salio, ni kama asilimia 31 na nusu kwa mwaka. Ndiyo maana mkopeshaji anayetangaza 24 kwenye salio anaweza kuwa nafuu kuliko wa 18 ya flati, na mteja akamkimbia.

Kuna njia nyingine ya kuificha bei: kuipa jina jingine. Kenya, M-Shwari, huduma ya kukopa kwa simu, ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na tozo hiyo iliitwa ada, siyo riba. Bunge lilipoweka ukomo wa riba za benki mwaka 2016, ada ile ilibaki palepale hadi sheria yenyewe ilipoondolewa 2019. Kwa mfukoni mwa mkopaji, asilimia 7.5 kwa mwezi ni 90 kwa mwaka, iitwe vyovyote iitwavyo. Huku kwetu Tanzania tuna mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ya kausha damu, na jina lenyewe limeshajieleza.

Kinachonikera zaidi ni topapu, yaani kuongeza mkopo kabla hujamaliza wa zamani. Mwalimu amelipa mwaka mzima bila kukosa, anapigiwa simu: "Mwalimu, umeshafikia kiwango, njoo uongeze." Anaamini amebakiza nusu. Kwenye mkopo wetu wa salio, baada ya marejesho 12 bado anadaiwa kama 3,267,000, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo iliyobeba riba kubwa. Akichukua upya milioni sita, deni la zamani linakatwa humo humo na mkononi anapata kama 2,733,000. Halafu ada ya mkopo, mara nyingi, inapigwa kwenye milioni sita yote. Ikiwa asilimia 2, ni 120,000, ambayo ukiipima kwenye hela mpya aliyoshika ni asilimia 4.4. Bima nayo inaanza upya, na miezi 24 inaanza kuhesabiwa upya. Nimeona slipu za mshahara ambazo kato la mkopo halijatoka hata mwezi mmoja kwa miaka mingi, na mwenye nayo hakumbuki alikopa kwa ajili ya nini.

Benki zinaupenda mkopo huu wa watumishi kwa sababu hela inakatwa kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, hivyo hatari ni ndogo. Kanuni ya kumwachia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara inasaidia asibaki mikono mitupu, lakini haimwambii kama mkopo ni ghali.

Kwa hiyo ukija, acha kuniuliza asilimia. Niambie: "Naomba ratiba ya marejesho, yote, mwezi kwa mwezi." Tazama safu ya riba. Ikiwa inashuka kila mwezi, ni ya salio. Ikiwa namba ni ileile toka juu hadi chini, ni flati. Kisha uliza shilingi ngapi hasa zitaingia kwenye akaunti baada ya ada na bima, zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, kisha utoe hela hiyo iliyoingia. Jibu hilo ndilo bei ya mkopo, na simu yoyote ya kitochi inaweza kulikokotoa. Afisa akisita kukupa ratiba kabla hujasaini, usisaini siku hiyo.