QT ya mgonjwa wa kifua kikuu sugu: usiiachie mashine

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgonjwa wa kifua kikuu sugu anaweza kumeza bedakilini, klofazimini na moksifloksasini siku hiyo hiyo. Zote tatu hurefusha QT, yaani muda unaoonekana kwenye kadiogramu (mchoro wa umeme wa moyo) toka moyo unapoanza kupiga hadi unapotulia. Kwenye seli za moyo kuna mlango wa potasiamu uitwao hERG. Dawa ikiuziba, moyo huchelewa kutulia baada ya kupiga, na pigo jipya likiwahi kuingia, mdundo huvurugika na mtu huzimia au hufa ghafla.

Watengenezaji hupima dawa mpya kwenye mlango huo, na tangu 2005 mwongozo wa kimataifa ICH E14 unataka QT ipimwe kwa watu pia. Lakini kipimo hicho hakijui mgonjwa wako anameza nini kingine. Terfenadini, dawa ya mzio, ilivunjwa upesi na ini. Ikinywewa pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi, ilibaki nzima kwenye damu na kuuziba mlango huo. Marekani iliondolewa sokoni 1998. Ndiyo maana namwomba mgonjwa kwanza amwage mfuko wake wote wa dawa mezani, zile za duka la mtaani Kadutu zikiwemo.

Kabla ya kadiogramu mlaze dakika 5, mfunike: anayetetemeka kwa baridi huchafua mstari. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni milisekunde 40. Pima kwenye mstari wa II au V5 wa kadiogramu, toka mwanzo wa wimbi la Q hadi mwisho wa wimbi la T, na wimbi la U usilihesabu.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu. QT husahihishwa kulingana na kasi ya mapigo. Mashine nyingi hutumia fomula ya Bazett, nayo hutia chumvi moyo ukienda mbio, na wagonjwa hawa wana homa na upungufu wa damu. Chukua QT visanduku 10 (milisekunde 400), mapigo 100 kwa dakika. Bazett inatoa 516, na dawa itasimamishwa bure. Fridericia, yaani QT kugawanya kwa kipeuo cha tatu cha RR (muda kati ya pigo na pigo, hapa sekunde 0.6), inatoa 474: endelea, ila kwa uangalifu.

QT hiyo ya Fridericia ikifika milisekunde 500, au ikipanda zaidi ya 60 juu ya ile ya kwanza, rudia kadiogramu na upime potasiamu. Kuhara na kutapika huishusha, nami naitaka 4 mmol/L au zaidi. Magnesiamu isisahauliwe, maana ikiwa chini potasiamu haipandi.

Ikithibitika, moksifloksasini ndiyo ya kwanza kuondoka: hutoka mwilini kwa siku chache, na levofloksasini, inayochukua nafasi yake, hurefusha QT kwa kiasi kidogo kuliko hiyo. Bedakilini hukaa miezi, kwa hiyo hata ukiisimamisha, kadiogramu ziendelee.