Barafu si adui wa kahawa baridi

Wengi huamini kwamba kahawa ya kuchujwa kwa maji ya moto ikidondokea kwenye barafu ni lazima iwe chapwa, hivyo ni heri kuichuja kama kawaida na kuiacha ipoe polepole. Kosa haliko kwenye barafu, bali kwenye hesabu, kwa kuwa barafu nayo ni maji. Gramu 30 za kahawa, ambazo kwa kawaida zingechujwa kwa takriban gramu 500 za maji, zimwagiwe gramu 300 tu za maji ya moto, huku gramu 200 za barafu zikisubiri katika chombo cha chini. Kinachodondoka huwa kikali mno, na barafu inapoyeyuka, karibu yote, kwa joto la kahawa hiyohiyo, ukali hurudi kwenye kiwango chake. Maji ya moto yakiwa machache, kahawa isagwe laini zaidi kidogo na maji yamwagwe taratibu, la sivyo itabaki chachu. Kupoza polepole, ambako husifiwa bila sababu, ndiko kunakoipotezea kahawa harufu inayoruka na mvuke. Barafu ya kwenye glasi ya kunywea ni ya ziada, haimo katika gramu hizo 200.