Je, wajua? Ndani ya neno "huddle" kuna kufichana

Asubuhi moja kwenye geti la Machame, mizigo ikiwa bado inapimwa, kiongozi wa kundi la Wamarekani aliwaita wenzake kwa neno moja tu: "Huddle!" Papo hapo wakasogeleana, mikono mabegani, vichwa vimeinama katikati. Kijana mmoja wa wagumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitana, akaniuliza, "Kaka, huddle ndiyo nini? Wanasali?"

Nikamjibu haraka kwamba ni kukusanyika. Jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Mkutano wa kijiji nao ni kukusanyika, arusi nayo ni kukusanyika, lakini hakuna Mwingereza atakayeziita shughuli hizo huddle. Neno hili linataka miili igusane, migongo ielekezwe nje, na iwepo sababu ya kubanana hivyo: baridi, hofu, au jambo ambalo wengine hawatakiwi kulisikia.

Katika umbo hili, neno lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza miaka ya 1570. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na kitenzi "hudern" cha Kijerumani cha nyanda za kaskazini, yaani kufunika, kuhifadhi. Mzizi wake wa kale ndio huo huo unaohusishwa na "hide", kuficha. Na Wajerumani wa leo wanalo bado neno "hudern": hulitumia kwa ndege anayewafunika makinda wake kwa mbawa.

Aliyekulia kwenye kihamba, shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mchaga, hahitaji kuchorewa picha hiyo. Kivuli cha mwewe kikipita juu ya migomba, mama kuku hutoa mlio mmoja mkali, vifaranga wakakimbilia kwake, na punde si punde humwoni ila kuku mmoja aliyevimba, vijiguu vikichungulia chini ya manyoya. Jioni za Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani, mama kuku huwafunika vile vile bila mwewe yeyote. Ulinzi na joto vinatoka mahali pamoja. Hapo ndipo nilipoanza kulipenda neno hili.

Maana zake za mwanzo hazikuwa za upole wote. Waingereza walilitumia pia kwa vitu vilivyorundikwa ovyo au kazi iliyofanywa harakaharaka. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, mtawala wa mji anazitaja mahakamani hasara za mfanyabiashara Antonio, na kwa Kiingereza kitenzi ni hiki hiki: zimemrundikia mgongoni. Mgumu anayepanda na kilo 20 begani angeielewa sentensi hiyo mara moja.

Lakini lile duara la getini lina historia yake, na ni historia ambayo ningependa kila mpenda michezo aijue. Inatoka Washington, kwenye chuo cha Gallaudet, ambacho hati yake ya kutoa shahada ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Ni chuo cha viziwi. Katika miaka ya 1890 kilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mkononi, na mpanga mashambulizi wake aliitwa Paul Hubbard. Katika mchezo ule mpira husimama kila baada ya shambulizi, na kabla ya shambulizi linalofuata wachezaji hupeana mpango. Hubbard na wenzake walipeana mpango kwa lugha ya alama. Wakicheza na timu ya watu wanaosikia hapakuwa na tatizo, kwa kuwa wapinzani waliona mikono wasielewe kitu. Wakikutana na timu nyingine ya viziwi, siri yote ilikuwa hadharani.

Mwaka 1894, kama inavyosimuliwa hadi leo na watu wa Gallaudet, Hubbard akawakusanya wachezaji wake kwenye duara, migongo nje, mikono ikizungumza katikati ambako hakuna mpinzani angeweza kuchungulia. Wapo wanaowataja makocha wa miaka ya 1920 kuwa ndio walioueneza mtindo huo, na ni katika miaka hiyo hiyo neno lenyewe lilipozoeleka uwanjani. Mimi naona hadithi ya Gallaudet ndiyo inayolingana zaidi na neno. Anayetumia sauti anaweza kunong'ona tu yakaisha. Mwenye lugha ya mikono anahitaji ukuta, na ukuta pekee uliokuwapo uwanjani ni migongo ya wenzake.

Leo duara hilo utaliona hata Uwanja wa Ushirika hapa Moshi kabla ya filimbi ya kwanza, mikono mabegani, nahodha akisema neno ambalo sisi wa jukwaani hatulisikii.

Kiswahili tulitaje kwa neno gani? Nimejaribu mengi. Kujikunyata ni kwa baridi, lakini mtu hujikunyata peke yake. Kubanana ni kwa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyechagua. Kuota moto kuna duara na kuna joto, ila lazima moto uwepo, na siri haimo. Kuteta kuna siri, lakini wawili wanaweza kuteta huku wanatembea. Kila neno limeshika kipande.

Jioni ile kambini, upepo ukipiga hema la jikoni, tulikuwa saba tumeizunguka sufuria ya chai. Nikamwambia yule kijana kwamba asubuhi nilimjibu vibaya, nikamsimulia habari ya kuku na habari ya Hubbard. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kisha akasema, "Kumbe wanafunikana."

Tangu siku hiyo, mgeni akiniuliza, hilo ndilo neno ninalompa.