Je, wajua kompyuta inaigaje bahari yenye kasi mbili?

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilianzia Sumatra na siku hiyohiyo ikafika pwani ya Afrika Mashariki. Penye kina cha mita 4,000, wimbi la aina hiyo hukimbia karibu mita 200 kwa sekunde. Mkondo wa Somalia, hata kusi ikipamba moto, huenda mita 2 au 3 tu.

Hapo ndipo penye kazi. Kompyuta huikata bahari vyumba vyumba, kisha husogeza muda kwa miruko. Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba mruko lazima uwe mfupi kuliko muda wa wimbi kuvuka chumba kimoja. Ukizidi, makosa huumuka hadi namba zote zinaharibika. Chumba cha kilomita 10 kinadai mruko usiozidi sekunde 50, yaani miruko 1,728 kwa siku. Bahari ikigawanywa tabaka 50 toka juu hadi sakafuni, hizo ni hesabu 86,400 kwa kila eneo. Na mkondo, ambao ndio tunautafuta, ungetosheka na mruko wa dakika 25!

Mwaka 1969 mtaalamu wa bahari Kirk Bryan aliifunika bahari yake ya kompyuta kwa kifuniko kigumu. Mawimbi ya kasi yakazimika, lakini kujaa na kupwa navyo vikatoweka. Kwa pwani ambayo wavuvi hupanga safari kwa bamvua na maji mafu, hiyo ni hasara kubwa mno.

Dawa nzuri zaidi ilitokana na tabia ya wimbi lenyewe: husukuma maji yote pamoja, toka juu hadi sakafuni. Basi tabaka moja lalitosha. Kompyuta hupiga miruko 30 mifupi kwenye tabaka hilo, kisha mmoja mrefu kwenye zote 50. Kinachopelekwa kwenye mruko mrefu ni wastani wa ile 30. Ukichukua wa mwisho peke yake, huenda umelikuta wimbi limeinuka kwa bahati tu, na bahati hiyo itausukuma mkondo dakika 25 nzima.

Hesabu zinashuka hadi kama 4,600, pungufu zaidi ya mara 18. Programu ya ROMS hufanya kazi hivi, nayo imetumika kuchunguza maji ya mlango wa bahari wa Zanzibar, ambako mkondo na kujaa na kupwa hukutana.