Liu Heng na hadithi aliyoivunja mwenyewe

Mwanafunzi wangu wa uandishi wa skripti akija na riwaya anayotaka kuigeuza filamu, humtuma kwanza kwa Liu Heng. Ni Mchina wa Beijing, mzaliwa wa 1954, aliyepitia jeshi la majini na kiwanda cha magari kabla ya kuwa mhariri wa jarida la fasihi.

Mwaka 1988 alitoa riwaya fupi, Fuxi Fuxi. Kijana wa shambani anapendana kwa siri na mke wa ami yake, na mtoto wanayemzaa inabidi mbele za watu ahesabiwe ndugu wa baba yake mzazi. Mwongozaji Zhang Yimou aliitaka, na skripti akaiandika Liu Heng mwenyewe. Ju Dou ilitoka 1990, ikawa filamu ya kwanza ya China kuwania Oscar ya lugha ya kigeni.

Kitabuni ni wakulima tu. Kwenye filamu, ami ana kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Wengi husifu uzuri wa rangi. Mimi naona dawa ya tatizo la kiufundi. Msimulizi wa kitabu anaweza kutueleza kinachomchoma kijana moyoni, kamera haiwezi. Basi wapenzi wanakumbatiana, na kitambaa chekundu kinafunguka chenyewe na kuporomokea kwenye rangi. Hakuna anayehitaji kusema neno. Hata kifo kimebadilishwa: kitabuni kijana anajizamisha kwenye mtungi wa maji, ila kwenye filamu mwanawe ndiye anayemuua. Majuto ya ndani yamekuwa tendo la mtu mwingine, nalo laonekana.

Skripti ya filamu kuhusu Qiu Ju, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, 1992, Liu Heng aliitoa kwenye riwaya fupi ya Chen Yuanbin. Mama mjamzito anadai mkuu wa kijiji aombe radhi kwa kumpiga mumewe teke. Kila safari ya kwenda kushtaki huanza na mkokoteni wa pilipili za kuuza, wapate nauli. Safari zinajirudia, nasi tunaona ukaidi wake bila kuambiwa.

Baadaye zikaja skripti za filamu kubwa za vita, kama Assembly ya mwongozaji Feng Xiaogang, 2007. Mimi hurudia zaidi riwaya fupi ya Liu Heng ya 1997 kuhusu Zhang Damin, mfanyakazi mwenye familia iliyobanana Beijing. Anaongeza chumba uani, kuna mti, hawezi kuukata. Anajenga kuuzunguka, na shina linapita katikati ya kitanda. Hiyo ni hadithi ya kitabuni, lakini mwongozaji hana cha kuongeza pale.